Hata Mende Ana A Yake

Bi Nukta aliletwa kwetu masjala kama adhabu, na mimi niliyekaa masjala miaka tisa bila kosa lolote sikujua nicheke au nikasirike. Alikuja na mto wake wa kiti, miwani miwili na barua ya msajili iliyosema haruhusiwi tena kugusa kompyuta ya mahakama. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpiga chapa wa jengo lile. Siku hizi anafunga mafaili kwa kamba pamoja nami, na ukifunga vibaya anakufungulia.

Jina hilo tulimpa sisi makarani, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake ikatoka bila kusahihishwa. Askari wakileta maelezo yenye "mbwa iliniuma", yeye alipiga "mbwa aliniuma". Wakileta "ng'ombe zimeingia shambani", yeye "ng'ombe wameingia". Mahakimu walimsifu, na hakuna aliyewahi kumwuliza anafanya hivyo kwa ruhusa ya nani. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Mumewe, fundi redio aliyestaafu, hudai kwamba hata barua zake za uchumba zilirudishwa na wino mwekundu, na mama mkwe, anayeishi nao tangu macho yake yalipofifia, humwita Mwalimu, nusu kejeli nusu mapenzi.

Kisha ikaja kesi ya tovuti. Sheria mpya ilikuwa imepita: anayetangaza watu mtandaoni kwa biashara ya mwili, au anayekusanya maoni ya wateja juu yao, anafungwa. Sheria nzuri kwenye karatasi. Wa kwanza kukamatwa walikuwa wanawake, kumi na mmoja, na walikaa mahabusu wiki mbili kabla mwenye tovuti hajaulizwa hata jina lake. Alipokuja kushikwa, picha na maoni yote yalikuwa yamefutwa. Wateja walioandika maoni, waliojiita Baba Wawili na Mstaarabu na upuuzi kama huo, hakutafutwa hata mmoja. Naamini wengine tunasalimiana nao asubuhi.

Kilichobaki ni karatasi sitini na nne. Mwanamke mmoja, ambaye kwenye faili tulimjua kama shahidi wa tatu tu, alikuwa amechapisha yale maoni yaliyoandikwa juu yake na juu ya wenzake, kidogo kidogo, kwenye duka la fotokopi, akayaficha. Wenzake wote walijitoa kwenye kesi. Yeye alitoa ushahidi, hakimu akamruhusu kuficha jina, lakini neno lake peke yake dhidi ya neno la bwana mwenye tovuti halikutosha. Bila karatasi zile yule bwana angetoka huru, na angejua pa kumtafuta. Maandishi yalikuwa madogo na yamefifia, basi hakimu akaamuru yapigwe upya, nakala safi, na mpiga chapa aape kuwa ni sawa na asili.

Niliyaona siku nilipompelekea Bi Nukta faili. Nilisoma nusu ukurasa nikaenda kunawa mikono. Hakukuwa na matusi makubwa, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Wanaume wale waliandika kama watu waliotoka dukani, wakiwaita wanawake mashine. "Mashine ya ghorofa ya pili imechoka, nyota mbili." "Mpya imefika, bado haijachoka." "Ina kelele, irekebishwe." Mmoja alilalamika kwamba wenye duka hawaitunzi. Walikumbuka kuweka mkato na nukta, walikumbuka kushukuru kwa huduma nzuri, wakasahau kwamba wanamzungumzia mtu.

Bi Nukta alipiga chapa siku tatu, mlango umefungwa. Mumewe alinisimulia baadaye kwamba jioni ya kwanza mkewe alikaa mezani asiguse chakula. Mzee akauliza kama mama ameshakula. Mkewe akamtazama, akamwomba aseme tena, ila safari hii aseme "mama imeshakula". Mzee akacheka. Kisha akaangalia upande wa chumba cha mama yake, akaacha kucheka, na yeye naye hakumaliza sahani yake.

Nakala safi ilikwenda kortini, na wiki mbili baadaye wakili wa utetezi akasimama. Alieleza kwamba mteja wake ni mfanyabiashara wa mashine za kufulia za mtumba, na maoni yale ni ya mashine za kufulia. Tuliokuwa nyuma tulicheka. Yeye hakucheka. Aliweka karatasi mbili kando kwa kando. Asili inasema "imechoka", nakala safi inasema "amechoka". Asili inasema "irekebishwe", nakala inasema "arekebishwe". Kurasa sitini na nne, akasema, mahakama imeingiza watu mahali ambapo hapakuwa na mtu, na chini yake kuna kiapo. Aliomba kielelezo chote kitupwe. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mtu mzima, na joho lake, anaomba herufi moja irudishwe ili wanawake kumi na mmoja wawe mashine za kufulia.

Hakimu aliahirisha hadi kesho yake, mpiga chapa aje kujieleza. Mchana huo msajili alimwita Bi Nukta ofisini. Mimi nilikuwa humo nikitafuta faili, au nikijifanya natafuta. Msajili si mtu mbaya. Alimshauri aseme kompyuta hujisahihisha yenyewe, ni kosa la chapa, mambo yaishe.

"Mama, umebakiza miaka mitatu ustaafu," alimwambia. "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi."

Bi Nukta alimwuliza kama akisema hivyo kielelezo kitabaki. Msajili akajibu kwamba hilo si la ofisi yake.

Kesho yake alipanda kizimbani. Shahidi wa tatu alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Mwenye tovuti alikaa mbele akijisafisha kucha. Wakili akamwuliza Bi Nukta kama alibadilisha maneno.

"Nilibadilisha," alisema. "Ukurasa wa kwanza ni mkono, umezoea. Kuanzia wa pili ni mimi."

Wakili akauliza kwa nini.

"Jikoni kwangu kuna mende. Nikisema mende amepita, hakuna anayenishangaa. Mende ana 'a' yake, mbu ana 'a' yake. Hawa walikosa nini?"

Hakimu alimkemea, na alikuwa na haki. Alimwambia amevunja kiapo, kwamba mahakama haikumwomba huruma, ilimwomba macho tu, na kwamba nakala safi inaondolewa. Wakili akaanza kukusanya karatasi zake. Nilimwona shahidi wa tatu akivuta mkoba wake. Saa ile nilimchukia kila mtu mle ndani, na Bi Nukta nikamchukia kuliko wote, nikijisemea kwamba wema wake umetumaliza.

Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Nakala ikiondoka, alisema, asili inabaki, na kwa kuwa haisomeki kirahisi, itasomwa na aliyeizoea, kwa sauti, kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Wakili akapinga. Hakimu akamkumbusha kwamba ni yeye aliyeitaka "i" yake.

Basi Bi Nukta akasoma. Alisoma kama mtu anayezibua bomba la choo kwa mkono. "Imechoka." "Haijachoka." Kila "i" aliitamka sawasawa. Askari wa mlangoni akatazama dari. Kwa kurasa kumi ile hoja ya mashine za kufulia ilisimama, nasema kweli, hata mimi niliyejua yote nilianza kuziona hizo mashine zimepangwa ukutani, milango wazi. Nilijionea kinyaa mwenyewe.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa yule Mstaarabu. Alikuwa ametoa nyota moja.

"Siku nzima inalia," Bi Nukta akasoma. "Inasema inataka kurudi kwao."

Hakimu akamwashiria asimame hapo. Akaandika. Kisha akamgeukia wakili wa utetezi, akauliza kwa upole kabisa, "Wakili, mashine hii kwao ni wapi?"

Wakili akafungua faili, akalifunga. Akamwinamia mteja wake, na mteja akatazama meza. Shahidi wa tatu akasimama kule nyuma bila kuitwa, akafungua kitambaa chake, akamtajia hakimu kijiji chao, na jina la mama yake.