Msemaji wa Kituo Chetu

Baba alinunua redio kwa sababu mama alikuwa ameacha kula. Hakuwa mgonjwa. Alipika kama kawaida, akatupakulia, kisha akakaa pembeni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, na ukimwuliza anakwambia ameshiba. Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto Tana ulikuwa umemeza mashamba ya migomba chini ya mji, barabara za kaskazini zimegeuka tope, na malori ya Mandera yalikuwa yamelala kwenye maegesho wiki baada ya wiki. Habari ya mwisho kutoka Rhamu, kwao mama huko mpakani, tuliletewa na dereva aliyepita kabla njia haijakatika. Alisema bibi yangu, mama yake mama, hainuki tena kitandani. Baada ya hapo hatukusikia kitu.

Mama alikuwa na deni moja la moyo. Babu alipofariki, miaka mingi nyuma, yeye hakwenda matangani. Alikuwa na mimba yangu, imemlemea, na njia ilikuwa mbaya hata wakati huo. Tangu siku ile bibi hakumtumia salamu ya moja kwa moja, zilikuja za ndugu na majirani tu. Kwetu mzazi akikaribia kuondoka, watoto humwendea wakaomba radhi, naye huwaambia kwa kinywa chake kwamba amewasamehe. Mtoto asiyesikia neno hilo hubaki nalo maisha yake yote. "Akifa hajaniambia," mama alimwambia baba nikisikia, "mimi nitaishi vipi?"

Baba alikuwa mtu wa kutenda kwanza na kueleza baadaye, na mara nyingi maelezo hayaji. Kesho yake alirudi na redio ya mawasiliano aliyoinunua kwa mtu wa malori, pamoja na betri ya gari na fungu la waya. Redio hizo sisi tuliziita taar. Kabla ya simu za mkononi, ndizo zilizounganisha watu wetu kutoka Garissa mpaka mpakani, na mjini zilikuwepo dukani kwa kulipia. Lakini siku zile za mafuriko foleni ilikuwa ndefu na maduka yamejaa wanaume wanaopiga kelele, na baba hakutaka mama aombe radhi ya mamake katikati ya watu wanaogombania zamu.

Tulidhani kuwa na redio ndiyo kuunganishwa. Kumbe sanduku lile peke yake lilikuwa chuma tu. Mtandao ulikuwa na mwenyewe, bwana mmoja kutoka bara aliyekuwa na ofisi nyuma ya soko. Masafa yalikuwa yake, kituo kikuu kilikuwa chake, na chombo ambacho hakijasajiliwa kwake kiliweza kuita mpaka kikome bila kujibiwa. Baba akaibeba redio mpaka kwake. Fundi akaifungua, akaifunga kwenye masafa ya mtandao, akaja nyumbani kwetu mtaa wa Galbet kutandika waya kutoka paa la nyumba mpaka mlingoti aliousimamisha karibu na choo. Tukapewa namba ya kituo. Kisha bwana yule akauliza msemaji ni nani.

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake kubwa. Maduka yaliruhusiwa wateja, lakini kituo cha nyumbani kilikuwa na msemaji mmoja aliyesajiliwa, na yeye peke yake ndiye aliyezungumza. Kila siku baada ya alasiri kituo kikuu kilisoma majina ya wasemaji mmoja mmoja, kila mtu akajibu. Bwana yule alizijua sauti zote. Akisikia asiyoijua, anakata. Leo mtu akitaka kuingia kwenye mtandao anaandika neno la siri. Wakati ule neno la siri lilikuwa koo lako. Wengine walimwona mkaidi, ila alikuwa na sababu: ukoo kwa ukoo walikuwa wamepigana si zamani, majambazi wa barabarani walisikiliza habari za malori, na polisi walishamwonya kwamba atakachosema mtu yeyote hewani kitaulizwa kwake.

Msemaji ni nani? Baba alijitaja mwenyewe, bila kufikiri, na hakuna aliyemshangaa. Mwenye nyumba ndiye hujiandikisha. Aliona atazungumza yeye, mama atakaa kando yake na kusikia kila kitu. Hata mama hakuona tatizo. Alivaa shash yake mpya, kitambaa cheusi cha kichwani cha mwanamke aliyeolewa, akakaa kwenye mkeka mbele ya redio kama anayesubiri mgeni.

Kule Rhamu kituo kilikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Siku ya kwanza baba alizungumza naye vizuri kabisa, sauti inapanda na kushuka na mikwaruzo mingi, lakini maneno yanasikika. Mwenye duka akasema bibi yu hai, alhamdulillahi, na kesho atamleta kwa mkokoteni wa punda mpaka mlangoni. Usiku ule mama alikula. Nakumbuka nilifurahi kuliko siku ya Idi.

Kesho yake jina la baba likasomwa, akajibu, akaomba Rhamu, akapewa. Mwenye duka akasema, "Amefika, amekaa hapa." Baba akasafisha koo, akabonyeza kitufe cha maiki, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote alizokuwa nazo, akataja afya, mvua, watoto. Akaachia kitufe. Tulisikia mkwaruzo. Tulisikia punda. Bibi hatukumsikia. Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Mwisho kituo kikuu kikasema muda wetu umekwisha, kikaita kituo kingine.

Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mama alikuwa amejikunja pembeni ya redio, na nilimwona akielewa jambo ambalo halikuwa kweli. "Hataki," alisema. "Amebebwa mpaka pale ili nijue kwamba hataki." Sikuwahi kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono yake. Aliiweka magotini, akaitoa, akairudisha. Nilimchukia bibi siku ile, bibi ambaye sikuwahi hata kumwona, na nilimchukia kwa moyo wote.

Baba yeye aliilaumu redio. Alipanda juu ya paa kuuvuta waya, akabadilisha betri, akamfukuza mbuzi aliyekuwa akijikuna kwenye mlingoti, kisha akanichukua tukaenda ofisini kupeleka malalamiko. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na hakukionea haya.

"Fundi, hii kitu yako iko na shida. Mimi naita, mwenye duka nasikia, nabiga hodi, najibu fizuri. Mama mzee akikaa, kimya. Kwani redio nabenda wanaume beke yake?"

"Mzee, redio haichagui mtu," fundi akasema. "Inasikia au haisikii."

"Hii yangu nachagua."

Jibu lilitoka kwa mwenye duka wa Rhamu, naye alilitoa akinung'unika. Siku hiyo baba alimaliza salamu zake, kimya kikaja, na yule bwana akashika maiki yake kwa hasira. Alisema betri yake inaisha bure. Alisema mama mzee haumwi koo, njia nzima juu ya mkokoteni alikuwa akimsimanga punda, lakini sauti ya baba ikitoka tu kwenye redio, anajifunika uso kwa shash yake na kugeukia ukutani, na hageuki mpaka sauti ile inyamaze.

Mama akainua kichwa. Kwanza sikujua ni kilio au nini, kisha nikaona anacheka, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. "Wallahi sisi ni wajinga," alisema. "Ni mkwewe! Atazungumzaje na mkwewe?"

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani ana kwa ana. Akipita njia hii, yule hupita nyingine. Hali chakula mbele yake, hamwonyeshi uso, na neno lake humfikia kupitia kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni haya, na haya ndiyo heshima yenyewe. Baba alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Ila kwa kuwa redio haina uso, alidhani haina ukwe. Bibi hakudhani hivyo. Kwake mkwe alikuwa ameingia dukani na kukaa mbele yake, na mtu amemleta kwa mkokoteni ili avunjiwe heshima hadharani. Na sisi kwa sheria ya mtandao tulikuwa na sauti moja tu, ile ile ambayo yeye hawezi kuijibu.

Kwa hiyo ilibidi msemaji abadilishwe. Walikwenda ofisini wawili, nami nyuma yao. Bwana wa mtandao alisikiliza, akampa mama kiti, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, nitambadilisha. Lakini jina la mama litasomwa kila jioni. Vituo vyote vinasikia, hapa mpaka mpakani. Umekubali?"

"Andika mama ya watoto yangu," baba akasema.

"Polisi hawataki hivyo. Wanataka jina."

Mke kwetu haitwi kwa jina mbele ya wanaume wasio wake. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwa baba, nyumbani alimwita kwa jina la mtoto. Alisimama pale, kofia yake mkononi, na nikaona shingo yake inavyotoka jasho. Marafiki zake wote walikuwa na redio. Wangelisikia jioni ile ile, na wangemtania mpaka mbuzi wakajua. Nilikuwa na hasira naye kwa kusita. Sasa nikiwa na umri wake wa wakati ule, naona alisita kidogo sana.

"Andika," alisema. Akataja jina la mama, la baba yake na la babu yake, polepole, bila kuangalia chini.

Bwana yule akampa mama maiki ili aijue sauti yake. Mama aliishika kwa mikono miwili. Akasema bismillahi kwanza, kisha kwa Kiswahili, "Hii ni Galbet. Mimi ndio msemaji."

Jioni ile jina lake liliposomwa, baba alikuwa ameshatoka uani. Mama akajibu, akaomba Rhamu, akasalimia. Mkwaruzo ukatulia kidogo, na sauti kavu ya mwanamke mzee ikasema, "Yupo?"

"Hayupo, hooyo," mama akasema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Ametoka."

"Ametoka mpaka wapi?"

Mama akanitazama. Nikakimbia kuangalia. "Mpaka barabarani," nikamwambia, naye akamwambia bibi. Vituo vyote vya wanaume wa Kaskazini Mashariki vilikuwa vikimsikiliza bibi yangu, naye hakumwogopa hata mmoja, ila yule mmoja tu aliyesimama barabarani. Hapo akaanza kuzungumza. Mto Daua umekula vitunguu vyote. Mbuzi wamepatwa na ugonjwa. Mgongo unamwuma, na punda wa mwenye duka hajui kutembea. Nilianza kumpenda.

Wakaendelea hivyo kila muda wetu ulipofika. Baba alijifunza kuondoka mapema, na watu wa kibandani njiapanda wakajifunza kummiminia chai wakimwona. Lakini neno lile mama alilolitaka halikuja. Yeye hakuthubutu kuliomba watu wote wakisikia, na bibi hakuligusia. Walizungumza juu ya vitunguu. Kila siku sauti ya bibi ilirudi nyembamba kidogo, na mama akasema ni betri ya Rhamu.

Siku ya mwisho mama alianza salamu, bibi akamkatiza.

"Yupo?"

"Hayupo, hooyo. Ametoka kitambo."

"Mwite."

Mama hakubonyeza kitufe. Alikaa akiitazama redio.

"Mwite, mwanangu," bibi akarudia. "Nina neno naye."

Nilipoangalia, mama alikuwa ameshavuta shash yake usoni. Hakulia kwa sauti. Mwanamke aliyemficha mkwewe sauti yake maisha yote hamfungulii ila anapoaga, na mama alilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Alinifanyia ishara ya mkono niende. Nilimkuta baba kibandani, akaja mbio, akavua viatu mlangoni na kubaki amevishika. Mama akamnyoshea maiki mdomoni na kumbonyezea kitufe. Baba alipiga hodi. Haikuwa sauti iliyosajiliwa tena, na nilingoja kituo kikuu kikate. Hakikukata.

"Mume wa binti yangu," bibi akasema, taratibu, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Umenitunzia mtoto, na mimi sijawahi kukwambia hata asante. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," baba akasema. "Na wewe unisamehe."

"Nimekusamehe. Nimewasamehe wote wawili. Huyo hana kosa kwangu, hata siku ile ya baba yake hakuwa na kosa. Mwambie."

Baba alimgeukia mama, akafungua mdomo ili amwambie, kama alivyoagizwa. Mama alitikisa kichwa. Akaivuta maiki kwake, akainua shash kutoka mdomoni, akabonyeza.

"Nimesikia, hooyo," alisema. "Nimesikia mwenyewe."