Wekundu wa Kitovu

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha Baiolojia katika sekondari ya kata huko Kitahana, wilayani Kibondo. Mimi ni mtu wa Singida. Serikali ndiyo iliyonipeleka kule, na mume nikampata huko huko, Muha wa Kasulu, mwalimu wa hesabu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imepita kidogo miezi saba uchungu uliponishika darasani. Mume wangu alisimamisha gari lililokuwa linapeleka mihogo mjini, akanisaidia kupanda, tukaenda hospitali.

Daktari wa wodi ya wazazi alikuwa kijana wa kutoka Mtwara. Alikuwa na tabia ya kuvuta kiti na kukaa kwanza kabla hajasema neno.

“Mwalimu,” alisema, “mtoto anataka kuja na mapafu yake bado hayajakomaa. Tutakuchoma sindano za deksamethasoni. Kwa mtu mzima tunaitumia kutuliza uvimbe. Kwa mtoto aliye tumboni, inayaharakisha mapafu yakomae.”

Nilikubali. Uchungu ulitulia kwa muda, dawa ikapata nafasi ya kufanya kazi, kisha ukarudi kwa nguvu. Nikajifungua mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumgusa. Lakini alipumua mwenyewe, na muuguzi akacheka kwa furaha.

Mama mkwe alikuja na basi kutoka Kasulu, nguo zimejaa vumbi jekundu, mkononi ana kapu la unga wa muhogo na maharage. Alipoambiwa kwamba mtoto kama huyu hukaa kifuani, ngozi kwa ngozi, alishangaa. Yeye alilea watoto wake wote mgongoni. Lakini alifungua blauzi, akamweka mjukuu katikati ya matiti yake yaliyolala, akajifunga kitenge. Tukawa tunapokezana. Nilipokuwa nimelala nilimsikia akimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kiha, sauti chini chini, ili asiwasumbue wazazi wengine.

Wiki ya kwanza haijaisha, kitovu kikawa chekundu. Wekundu ulianza kama pete nyembamba, kisha ukapanuka na ngozi ikavimba. Daktari alimwanzishia mtoto dawa za kuua vijidudu, zikawa zinapitishwa kwenye mshipa wa mkono wake mwembamba kama utepe.

Mama mkwe hakuweza kuutazama ule uvimbe. Alimpigia simu shemeji yangu, mwenye duka la dawa kule Kasulu, na kesho yake kondakta wa basi akatuletea kichupa cha dawa ya maji. Mtoto wa shemeji aliwahi kuvimba koo akapewa dawa hiyo, na uvimbe ukapungua upesi. Mama mkwe alimwonyesha daktari kichupa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Daktari alisoma karatasi ya kichupa, akavuta kiti.

“Mama, dawa hii ni ya jamii moja na zile sindano za mwalimu, nzuri kwa ugonjwa iliotengenezewa. Lakini uvimbe huu ni askari wa mwili waliokuja kupigana. Dawa hii inawaambia warudi nyumbani. Wakirudi, vijidudu vinabaki peke yao na mtoto. Na huyu, askari wake ni wachache, tena wageni wa kazi.”

“Kwa hiyo tuache avimbe?”

“Tuwasaidie askari kwa dawa hii ya mshipani. Hicho kichupa usimpe.”

Mchana wa siku iliyofuata daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Wekundu ulikuwa umepanda kuelekea mbavuni. Mama mkwe alitoa kichupa kwenye kapu, na kijiko.

“Mpe tone moja tu, mwanangu. Tone moja halimuui mtu.”

Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka. Niseme ukweli, nilitamani kumpa. Mama anayemwona mtoto wake akiiva vile anatamani chochote. Nikaurudisha mkono.

“Hapana, mama.”

Akakirudisha kichupa kapuni.

Mimi nilikuwa nasubiri homa. Katika masomo yangu yote mwili unaopigana huchemka, na kwa kuwa mtoto hakuchemka nilidhani anapata nafuu. Kisha akaacha kunyonya. Daktari alipomgusa nyayo, uso wake ulibadilika.

“Amepoa,” alisema. “Hawa wadogo mara nyingi hawachemki, mwalimu. Vijidudu vikiingia kwenye damu, wanapoa.”

Walibadilisha dawa, wakamwekea oksijeni. Nilimuuliza daktari.

“Ni zile sindano mlizonichoma? Ziliwalaza askari wake?”

Alivuta kiti kwanza. “Sidhani, ila siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba bila zile sindano, huenda asingepumua hata siku ile ya kwanza.”

Asubuhi nilitoka kwenda kuchota maji ya kunawa. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa palepale, mtoto kifuani, bado anaimba. Nikamnyooshea mikono anipe zamu yangu. Hakunipa. Aliendelea kuimba mpaka wimbo ukaisha, ndipo akasema, “Ameshakwenda, mwanangu.”

Tulimzika Kasulu, nyuma ya nyumba ya baba mkwe, penye migomba. Wapo walionong'ona kwamba dawa ilikuwepo, mwalimu akaikataa. Mama mkwe hakunong'ona, ila pia hakuwanyamazisha. Nilirudi Kitahana. Somo la seli nyeupe za damu lilipofika, niliwaambia wanafunzi wajisomee, nikatoka nje.

Msimu wa kuvuna maharage nilikwenda kumsaidia mama mkwe shambani. Tukiwa tumekaa tunapukuchua, aliuliza bila kuinua kichwa.

“Wale askari aliowasema daktari. Mtoto wetu alikuwa nao kweli?”

“Alikuwa nao, mama. Ule wekundu ndio ulikuwa wao.”

“Basi mimi nilitaka kuwafukuza.”

“Ulitaka apone.”

“Na wewe ulimwachia askari wake, na hakupona.”

“Ndiyo, mama.”

Alijifuta uso kwa upande wa kanga na akalia, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya mazishi. Nikasogea karibu yake. Maharage yaliyobaki tuliyapukuchua pamoja, na tangu siku ile minong'ono ikaisha pale nyumbani, nadhani yeye ndiye aliyeimaliza.

Mwanzoni mwa 2015 nilihamishiwa Kasulu, na mwaka huo nikapata binti, aliyetimiza miezi yake yote. Wiki kadhaa baada ya chanjo ya kifua kikuu ya begani, pale palipochomwa pakavimba, pakawa pekundu, pakatoa usaha. Muuguzi alikuwa ametuambia ndivyo inavyokuwa, mwili unajifunza, msipake kitu. Nilijua hivyo, hata hivyo kila nilipomwogesha nilipakagua tena na tena. Siku moja mama mkwe alinikuta nimekaa naye mapajani, namtazama bega. Akamchukua, akagusa nyayo zake, akazishika muda mrefu.

“Za moto,” alisema, akamrudisha kwangu. “Mnyonyeshe.”