Alama za Daktari Ndani ya Basi la Beechmont

Juzi, ndani ya basi la Beechmont, mtaa wetu huku ughaibuni, niliketi nyuma ya mama mmoja Mkongo na bwana aliyevaa fulana ya kazi ya ghala. Kwao Bukavu bwana huyo alikuwa daktari. Aliitazama simu yake kana kwamba imemtukana.

"Donc, basi, mtihani wa leseni ya udaktari wa huku ulishinda ao haukushinda?" mama akamuuliza.

"Nilishinda, mama. Lakini pointi ni kidogo. Hospitali zinaangaliaka kwanza wenye pointi za juu."

"Rudilia, basi."

"Mwenye kushinda hawamuruhusu kurudilia."

Mama akapiga kofi moja.

"Bon. Hospitali ngapi zimekuita kwa mahojiano?"

"Moja tu. Ya Buffalo, kule kwa baridi kali na theluji."

"Na wewe uko madaktari wangapi?"

"Mumoja," akajibu, huku kicheko kikimponyoka.

"Donc inatosha."

Hapohapo mama akawapigia wenzake wa kanisani kuulizia koti zito la mwanamume. Kazi yenyewe bado hajapewa, ila kabla sijashuka, koti lilikuwa limeshapatikana.