Mstari wa Mama katika Ngoma ya Tufo

Ngoma yetu ya tufo haikuwa na mtunzi mmoja. Kila mwanamke aliyepokelewa alileta mstari wake, na aliyeutunza wimbo mzima kichwani ni mama mkubwa, dada yake mama. Ukitaka kuongeza neno au kubadilisha, ulikwenda uani kwake, ukaimba mbele ya wenzako, naye akakubali au akakataa. Akishakubali, mwingine hakuruhusiwa kuugusa mstari huo bila wewe kuitwa. Kuimba tuliimba wote, tumepiga magoti kwa safu, nyuso tumezipaka msiro, unga mweupe wa mti. Lakini mstari wako ukifika, uliinua mkono wa kulia. Hata mgeni wa harusi aliweza kujua neno lipi ni la nani.

Mimi nilipokelewa nikiwa mke mpya. Mstari wangu ulimsema mama mkwe na uchoyo wake wa samaki, na watu waliupenda kwa sababu naye alikuwa anacheka. Wa mama ulikuwa wa huzuni. Kaka yangu alivuka mto Rovuma kwenda kukata mkonge upande wa Lindi, zamani kabla ya vita, na mama akauweka hivi:

*Mwanangu kavuka mto, sahani yake naiosha.*

Vita vya kumng'oa Mreno vilipofika kwetu, upande wa Msumbiji kati ya Palma na Namoto, wanajeshi wa Kireno walichoma nyumba zetu wakatuhamishia kwenye aldeamento, kijiji cha seng'enge karibu na kambi yao. Lango lilifunguliwa jua likishapanda na kufungwa mapema, kwa hiyo mashamba ya mbali yakaliwa na nguruwe. Tulikula kisamvu bila nazi. Wenzetu wengine wa ngoma walikuwa wamekimbilia porini, na mmoja alifia kwenye uzazi usiku lango likiwa limefungwa. Mama mkubwa hakutoa mstari wa hata mmoja wao. Ukifika, tuliuimba, na hakuna mkono ulioinuka.

Siku hizo kuvuka mto kulikuwa na maana moja tu: kwenda kwa wapiganaji wa uhuru. Mwenye mtoto ng'ambo alihesabiwa kuwa mama wa mpiganaji. Mama mkubwa akaja kibandani kwetu.

"Mdogo wangu, ule mstari tuubadilishe. Tuseme mwanangu kaenda shamba."

"Hakwenda shamba," mama akasema.

"Najua. Na wewe unajua kwa nini nakwambia."

Mama aliendelea kuchambua majani. Baadaye akasema, "Haya, badilisha. Lakini mbele ya wenzangu, kama desturi."

Tukaitwa wachache wachache, maana kukusanyika wengi kulikuwa hatari. Mama akauimba mstari mpya kwa sauti ya chini, sote tukasikia, tukakubali. Ila mazoezi hayakuwezekana. Kupiga matari kulihitaji ruhusa ya chefe, mkuu wa posto, kituo cha serikali. Basi maneno mapya yalikaa kichwani, na ya zamani yakabaki mdomoni.

Halafu ikaja sikukuu yao ya bendera, na administrador, mkubwa wa wilaya, akataka wanawake wacheze. Tulipigishwa magoti juani, kwenye uwanja wa kambi. Pembeni ya administrador alisimama mkalimani, mtu wa pwani kama sisi, kaptula yake imepigwa pasi, anamtafsiria kila mstari. Uchoyo wa mama mkwe wangu uliwachekesha hata wanajeshi.

Ulipofika mstari wa mama, wengine waliimba mto, wengine shamba. Mimi hadi leo sijui nilisema lipi. Sauti zikagongana, wimbo ukayumba, na mkalimani akainua kichwa. Nadhani kama sote tungekosea pamoja, asingesikia kitu. Mkono wa mama ulikuwa umeshainuka. Hakuuinua kwa ujasiri. Ulizoea tu.

"Mama," mkalimani akamuuliza kwa Kiswahili, "mwanao yuko wapi?"

"Lindi. Anakata mkonge."

Akamgeukia bwana wake. Kireno changu kilikuwa kidogo, lakini nilisikia "Tanzânia", na sikusikia lolote la mkonge.

Walituacha tumalize ngoma, mama akiwa bado katikati yetu, akiimba mistari ya wenzake kwa sauti iliyonyooka. Tuliponyanyuka, masipaio wawili, askari weusi wa serikali, wakamchukua.

Nilipeleka chakula kwenye posto kila waliponiruhusu. Walimrudisha mvua zimeanza. Viganja vyake vilikuwa vimepigwa palmatória, lile kofi la mbao lenye matundu, na vidole havikukunjika tena. Nilimlisha mimi, nikamsuka mimi.

Mama mkubwa alipokuja kumwona, alikaa chini mlangoni, hakuingia. "Mstari naufuta," akasema.

"Usiufute," mama akajibu. "Nifute mimi. Ukiwa hauna mwenyewe, watamkamata nani?"

Basi mama mkubwa akakata shauri gumu kuliko yote aliyowahi kukata: mikono isiinuliwe tena, ya mtu yeyote, na wimbo usiulizwe ni wa nani. Alitwambia bila kututazama. Mama hakurudi kwenye safu. Homa ilimchukua kabla vita havijaisha, na tulisubiri lango lifunguliwe ndipo tukamzike.

Kaka alikuja baada ya Wareno kuondoka. Alikuwa amenenepa kidogo, ana mke wa Kimwera huko Lindi, na bunduki hakuwahi kuishika. Alimwamkia mama mkubwa, naye akageuka, akaingia ndani. Nikamweleza mimi, tumekaa uani, neno kwa neno.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Wewe ulikuwa unakata mkonge."

Kesho yake akabeba mawe kutoka ufukweni akazungushia kaburi, kazi ya asubuhi nzima, hakutaka kusaidiwa. Alikaa mpaka Ijumaa, akasomesha khitma, akaondoka. Mkewe alikuwa mjamzito.