Kiolezo Kimoja cha Bi Kidawa

Kidawa Pandu hajawahi kupanda jukwaani, na akiitwa apande nadhani atatafuta mlango wa nyuma. Ni mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na mbili, karani wa jumuiya ya maziko yenye ofisi ya vyumba viwili karibu na Darajani. Mama yake hushona kofia nyumbani kwao Mwanakwerekwe. Yeye aliishia kidato cha nne, akajifunza kompyuta kwa vitabu chakavu vya kuazima, na mwaka 2006 akaijengea jumuiya ukurasa wa tanzia kwenye intaneti. Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa kodi za watu kama mama yake hatukuwa tumejenga kitu. Nalisema hili kwa sababu linaniuma, na nataka liwaume wenzangu.

Ukurasa wenyewe haukuwa na mapambo: jina la marehemu, msikiti atakaosaliwa, baada ya sala gani, na makaburi gani. Kwetu maiti hacheleweshwi. Aliyefariki alfajiri huenda jioni ameshazikwa, kwa hiyo jamaa walioko Maskati, Dar es Salaam au huko pwani ya mashariki waliuacha ukurasa wazi kutwa nzima. Kidawa aliutengeneza ujisasishe wenyewe. Kila dakika mbili uliiuliza seva, ile kompyuta inayouhifadhi ukurasa, kimyakimya kama kuna jipya, na safu za majina zikabadilika papo hapo, bila ya mtu kugusa kitu na bila ya ukurasa mzima kupakiwa upya. Chini kabisa palionekana saa ya habari ya mwisho.

Kosa lilijificha hapo. Ukurasa ule ulikuwa na wachoraji wawili. Ulipofunguliwa mara ya kwanza, seva ndiyo iliyouchora, kwa kufuata kiolezo, yaani fomu yenye nafasi za kujazwa jina, msikiti na sala. Yale mabadiliko ya kila dakika mbili yalichorwa ndani ya kompyuta ya msomaji, kwa maelekezo mengine ambayo Kidawa aliyaandika kando. Baadaye akaongeza kwenye kiolezo mstari mwekundu wa kuonyesha wakati mpya wa maziko pale unapobadilishwa. Kwenye yale maelekezo mengine akasahau kuuongeza, kwa hiyo yakaendelea kuonyesha wakati wa mwanzo.

Machi 2007 alifariki Bi Mwanapili, mwanamke wa mjini aliyemlea mpwa wake Haroub Simai. Haroub alikuwa mtunza ghala wa hoteli moja Paje, pwani ya mashariki. Asubuhi aliambiwa kwa simu kwamba maziko ni baada ya Alasiri, naye akaufungua ukurasa wa tanzia kwenye kompyuta ya ghalani ili ajue kama kutakuwa na badiliko. Saa nne wingu la mvua likatanda, wazee wakaamua azikwe baada ya Adhuhuri, na Kidawa akaandika hivyo mara moja. Aliyeufungua ukurasa wakati huo aliona Adhuhuri kwa wekundu. Haroub, aliyeuacha wazi tangu saa moja, aliendelea kuona Alasiri, na chini yake pameandikwa kwamba habari ni ya saa tano na dakika mbili. Jamaa walipompigia, simu yake haikupatikana mle ghalani. Akaondoka saa saba, ametulia. Alipofika makaburini Mwanakwerekwe, watu walikuwa wanatoka huku wakipangusa udongo mikononi.

Siku ya nne alikuja ofisini. Nilikuwepo, maana nilikuwa nikiwaandikia barua zao za Kiingereza. Alimwamkia mwenyekiti, Maalim Khalil, kisha akamgeukia Kidawa.

"Bibie, mama yule kanilea tangu nna miaka minne. Kaburi lake nimelikuta lishamwagiwa maji."

Nilidhani Kidawa atasema kompyuta imekosea. Ndivyo wanavyosema ofisi zote.

"Kosa langu," alisema. "Kaa nikuoneshe nilipokosea." Akamwonesha, mstari kwa mstari, wala hakupunguza kitu.

Muhannad, fundi wetu wa kompyuta aliyewahi kufanya kazi Maskati, aliinama juu ya meza. "Dakika kumi tu hiyo, Bi Kidawa. Ongeza mstari na huku, yamekwisha."

"Na siku nikiongeza jengine kule?"

"Utakumbuka."

"Mwaka jana nlisema hivyohivyo. Miye nnayatupa yote haya, niandike upya. Mchoraji awe mmoja, seva."

Muhannad akacheka. "Unarudi nyuma, dada yangu. Wenzako siku hizi kila kitu wanachora upande wa msomaji."

"Wenzangu wanauza viatu, Muhannad. Miye nnatangaza maiti."

Maalim Khalil alikuwa akizungusha tasbihi yake. "Aliyeumia ni Haroub," alisema. "Ijumaa baada ya sala atarudi aangalie. Akisema ufungwe, tutaufunga, turejee kwenye ubao wa msikitini." Haroub aliitikia kwa kichwa na kutoka.

Siku mbili zile za kungojea Ijumaa Kidawa alizungumza kidogo sana. Nilipomuuliza anafanya nini, alinipa mfano wa kofia. Mama yake ana karatasi moja ya maua kwa kila aina ya kofia. Ukingo ukiharibika, hakuna ruhusa ya kuchora ua kwa kukumbuka, hata kwa fundi hodari. Huletwa karatasi ileile. Basi Kidawa alikikata kiolezo chake. Safu ya marehemu akaifanya kiolezo kidogo kinachojitegemea, na kiolezo kikubwa cha ukurasa kikawa kinakiita hicho kila kinapofika kwenye majina. Ukurasa ukiuliza kama kuna jipya, seva hujaza kiolezo kidogo kilekile na kupeleka kipande kilichokwisha kuchorwa. Kompyuta ya msomaji imebakiwa na kazi moja: kutoa kipande cha zamani na kuweka kipya mahali pake. Haichori tena. Kinachobadilishwa kwenye kiolezo kinabadilika kwa wote, aliyefungua sasa hivi na aliyefungua tangu asubuhi.

Nilikwenda chuo miaka mitatu na sikufundishwa kuona aibu ya kuandika jambo moja mara mbili. Kidawa alifundishwa na kofia.

Ijumaa Haroub alikuja na kanzu yake ya sala. Kidawa akamkalisha mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ukurasa wa majaribio, akamwomba asiguse kitu. Kwenye kioo palikuwa na safu moja tu. Haroub aliisoma, akainua uso.

"Umejiandika weye?"

"Marehemu Kidawa Pandu, baada ya Alasiri. Ndiyo."

"Hebu futa hilo," alisema Maalim Khalil. "Tia jina la kubuni."

"La kubuni litakuwa na mwenyewe, Maalim. Nani aliyenipa ruhusa ya kumuua?"

Muhannad alitaka kucheka, akajizuia. Kidawa alikwenda kwenye meza ya pili na kubadilisha sala. Tulisubiri. Dakika mbili ni ndefu mtu anapokaa kutazama jina la aliye hai limeandikwa marehemu. Haroub alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mapaja, mbali na kompyuta. Kisha safu ikajibadilisha mbele yake: baada ya Adhuhuri, na juu yake mstari mwekundu, wakati umebadilishwa.

Haroub alisogeza kiti karibu na kioo.

"Rudia," alisema.

Kidawa alirudia. Akabadilisha msikiti, akabadilisha makaburi, akaongeza hata neno ambalo halikuwemo kabla kwenye kiolezo. Kila mara kompyuta ya Haroub ilionesha badiliko, sawasawa na ile iliyofunguliwa upya pembeni yake.

"Siku ile ningeliona hivi," alisema Haroub, "ningelimwahi mama."

"Ungelimwahi," Kidawa alimjibu. Hakuongeza udhuru wowote.

Haroub alisimama, akakunja mikono ya kanzu. "Maalim, msiufunge. Watu wengine wana mama zao." Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini huyu mtoeni huko kwanza. Nshafiwa na mmoja mwezi huu."

Kidawa alilifuta jina lake. Ni miaka miwili sasa, na ukurasa bado upo. Muhannad mwenyewe siku hizi huwajengea wateja wake kwa njia ile, ingawa hasemi aliipata wapi. Na kila Kidawa anapokigusa kile kiolezo, hata kwa nukta moja, anayekufa wa kwanza, kwenye ukurasa wa majaribio, ni yeye.