Eda Nyuma ya Pazia

Dada yangu ni fundi cherehani, na nikikumbuka alivyoachwa damu inanichemka hadi leo. Shemeji alirudi kutoka kazini na njaa, akakuta chakula hakijaiva maana sare za wanafunzi zilikuwa hazijaisha. Maneno yakapandana. Mwanamume akatoa talaka tatu kwa pumzi moja! Alasiri shemeji huyo huyo alikuwa ameketi kizingitini analia.

Akakimbilia kwa sheikh wa msikiti wetu. Sheikh akamwambia, "Tatu ni tatu. Afungashe leo leo."

Dada hakufungasha. Alitia udhu, akafungua msahafu wenye tafsiri, akasoma mpaka akapata: mke aliyeachwa asitolewe nyumbani mwake kabla eda haijaisha. Akajitanda, akaenda mwenyewe.

"Sheikh, nionyeshe aya inayonitoa leo."

"Mwanangu, mambo haya yana wenyewe. Wewe shona nguo."

"Kushona nashona, sheikh. Na kusoma najua."

Akarudi, akatundika pazia katikati ya nyumba. Nikamwambia, "Dada, ondoka bwana, unajidhalilisha!"

"Sikai kwa ubishi," akanijibu. "Nakaa ili apate muda wa kunirejea."

Wakaishi hivyo. Huku dada anakanyaga cherehani, kule shemeji anakohoa. Dada akipika, anapitisha sahani pembeni mwa pazia. Baadaye inarudi imeoshwa. Hawasemi. Jamani, upweke ule usikie tu kwa mwenzako. Dada alikonda, nguo zake mwenyewe akawa anazipunguza kila mara.

Eda ilipokaribia kwisha, akapitisha msahafu, umefunguliwa kwenye aya ya mume kumrejea mkewe ndani ya eda. Shemeji akaupokea kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti, polepole, kisha akarudia. Dada akasimamisha cherehani.

"Naona," shemeji akasema. "Imeandikwa."

"Basi nirejee."

Akaufunga msahafu. "Naogopa, mke wangu. Nikimfuata sheikh akakosea, ataulizwa yeye. Nikikufuata wewe, nitaulizwa mimi."

Mke wangu! Hilo ndilo lililomuua dada, siyo talaka.

Eda ilipoisha nilikwenda kumchukua. Shemeji alitubebea cherehani mpaka garini, akaifunga kamba isiyumbe, akaingia ndani bila kuaga.

Nilimpa dada chumba cha nyuma, kina mwanga mzuri wa kushonea. Jioni nikampelekea chai. Nikakuta ametundika pazia lake lile katikati ya chumba, ameketi upande mmoja, anasikiliza.