Telekomande ya Kichwa Changu

Mimi ni mshonaji, na kwa miaka sita mkono wangu wa kulia haukuweza kutunga uzi kwenye sindano. Nikiupumzisha, unatulia, nikitaka kuutumia, unatetemeka. Ndiyo maana nilikubali kwenda kupasuliwa India. Waliniingiza waya mwembamba kwenye ubongo, wa kuzuia mtetemeko, na betri yake wakailaza chini ya ngozi, karibu na bega. Niliporudi nyumbani, mtaani Nyakabiga, nilikaa tena kwenye cherehani yangu.

Lakini telekomande, kile kidude cha kuiwasha na kuizima mashine hiyo ya mwilini mwangu, alibaki nayo kaka yangu. Ndiye aliyenisindikiza, na daktari alimwelekeza yeye, mimi nikiwa nimekaa katikati yao. Kila siku alikwenda nayo kazini mfukoni. Nikiiomba, alijibu, "Apana, dada. We utaiharibu." Mama alimuunga mkono.

Asubuhi moja nilimsaidia jirani kubeba spika kubwa ya kanisa. Niliikumbatia kifuani. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu sumaku, na spika inayo ndani, lakini nilisahau. Baadaye, nikimpima mteja kiuno, futi ikaanza kucheza mkononi mwangu. Nikajua mashine imezimika. Nikampigia kaka.

"Nitakuja nikitoka kazini," alisema. "Jioni si mbali."

Nilimwomba mteja radhi, nikapanda teksi hadi Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, kwenye ghala anakofanya kazi. Alipouona mkono wangu aliitoa telekomande, akainyoosha kuelekea kifuani kwangu mbele ya wenzake, kana kwamba anawasha redio.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Nipe mimi."

"Unatetemeka. Utabonyeza vibaya."

"Nitabonyeza tena. Ni kichwa changu."

Wenzake waliacha kupakia magunia, wakatutazama. Akanipa. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu taa ya kijani ikawaka, mkono ukatulia. Nikaitia telekomande kwenye mkoba wangu.

"Na ukiipoteza?" aliuliza.

"Nitakuwa nimepoteza kitu changu."

Wiki mbili hakunisemesha. Mama alinitaka nikaombe msamaha. Sikuomba. Kisha siku moja kaka alikuja na suruali ya kupunguza, akaiweka mezani. Niliipokea, nikamwambia asubiri zamu yake kama wateja wengine.